Faili moja la kurasa 3,180: namna ya kuligawa ili mawakili walisome

SWALI: Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mwanza. Tuna kesi ya mkopo wa rehani, na upande wa benki umetukabidhi nyaraka zake kwenye flashi: faili moja tu la PDF, kurasa 3,180, lote limeskaniwa, GB 1.1. Wakili ameniagiza niligawe liwe waraka mmojammoja ili mawakili wanne wagawane kusoma. Nilijaribu tovuti moja ya bure, ikanikatia kila kurasa 50, mikataba ikakatika katikati. Nitumie programu gani? Na je, nikikata sitaharibu ushahidi?

JIBU: Ndugu yangu, pole na kazi. Nianze na hofu yako ya mwisho, maana ndiyo nzito. Kukata hakuharibu ushahidi mradi hukati lile faili mlilokabidhiwa. Unakata nakala ya kazi. Hatari iko kwenye mambo mawili: kugusa faili la asili, na kutoa vipande ambavyo baada ya miezi sita hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza vilitoka ukurasa wa ngapi. Ukiyalinda hayo mawili, kosa lolote lingine utakalofanya linarekebishika.

Kuhusu programu, nitakutajia, lakini ujue mapema kwamba programu si shida yako. Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kazi halisi ni mtu kukaa na faili na kuamua waraka huu unaanzia wapi na unaishia wapi. Kompyuta haina habari hiyo. Kwake ukurasa wa 418 na wa 419 ni picha mbili zilizofuatana. Haijui kwamba ya kwanza ina sahihi ya meneja wa mikopo na ya pili ni mwanzo wa barua nyingine ya mwaka mwingine. Ile tovuti ilikata kila kurasa 50 kwa sababu hakuna aliyeiambia mipaka iko wapi. Hata ukinunua programu ya bei gani, mipaka utaiandika wewe.

Na tovuti za namna ile usizirudie. Ulipopakia lile faili, kurasa zote zilikwenda kwenye seva ya mtu usiyemjua, pengine nje ya nchi: namba za akaunti, namba za NIDA, nakala za pasipoti, hati za nyumba. Wakili anabanwa na wajibu wa kutunza siri, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania, nayo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mweleze wakili wako leo hii kwamba faili liliwahi kupakiwa, aamue yeye la kufanya. Ni afadhali alisikie kwako sasa. Programu zote nitakazozitaja hapa chini zinafanya kazi ndani ya kompyuta yako, hata ukiwa umezima intaneti.

Sasa tushike faili. Linakili kutoka kwenye flashi uliweke kwenye folda uliyoipa jina ASILI, bila kulibadilisha jina. Flashi iingie kwenye bahasha, uandike tarehe ya kupokea na aliyeileta, ifungiwe na jalada la kesi. Kwenye ASILI, fungua sifa za faili uliwekee alama ya kusomwa tu. Kisha fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda hiyo uandike (weka jina halisi la faili lako):

certutil -hashfile nyaraka.pdf SHA256

Utarudishiwa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Uhifadhi kwenye kumbukumbu ya kesi pamoja na tarehe na jina lako. Faili likibadilika hata kwa nukta moja, mfululizo huo unabadilika kabisa. Lisipoguswa, utabaki uleule miaka na miaka. Siku upande wa pili ukidai mmezichezea nyaraka, mnarudia amri ileile mbele yao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaelekeza mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama ulibaki salama bila kuguswa. Kitu kidogo kama huo mfululizo, kilichoandikwa siku ileile ya kupokea, kina thamani kubwa kuliko maelezo marefu yatakayotolewa baadaye.

Nakili faili mara ya pili, uliite kazi.pdf, na kuanzia hapo ufungue hilo tu. Kabla ya kufikiria kukata, tazama kama lina alamisho (bookmarks) upande wa kushoto. Benki ikiwa iliunganisha mafaili mengi kwa programu badala ya kuskani rundo zima kwa mkupuo mmoja, mara nyingi programu huacha alamisho kwa kila faili lililoingizwa, na hapo nusu ya kazi umeshafanyiwa: Acrobat Pro, ambayo ni ya kulipia, na PDFsam Basic, ambayo ni ya bure, zote zinaweza kukata kwa kufuata alamisho. Hakiki tu, kwa sababu alamisho yenye jina la skana na tarehe haikuambii ndani yake mna nyaraka ngapi. Angalia pia kama kuna mafaili mengine yaliyofichwa ndani ya PDF; inawezekana jedwali zima la marejesho ya mkopo likapachikwa humo kama kiambatisho, na ukikata kurasa halikufuati. Programu za Poppler zina amri ya kuyaorodhesha, pdfdetach -list kazi.pdf. Na ukikuta waraka uliotiwa sahihi ya kidijitali, si picha ya sahihi bali ile inayothibitishwa na programu, usiutegemee tena baada ya kuukata. Sahihi hiyo imekokotolewa juu ya faili jinsi lilivyo, hivyo ukitoa kurasa inavunjika. Kipande kitasomwa tu. Uthibitisho unabaki kwenye faili zima. Kwa faili lililoskaniwa kama lako hilo ni nadra.

Kinachofuata ni kulifanya faili lisomeke kwa kutafuta maneno, kazi inayoitwa OCR: mashine inasoma picha na kuweka maandishi. Sasa hivi ni picha tupu. Ukitafuta neno hupati kitu. OCRmyPDF ni ya bure, inatumia injini ya Tesseract ambayo ina data ya Kiswahili, na inaweza kusoma lugha mbili kwa pamoja, jambo la lazima kwenye jalada la benki ya Tanzania ambamo barua ya serikali ya mtaa iko kwa Kiswahili na mkataba uko kwa Kiingereza:

ocrmypdf -l swa+eng --skip-text --output-type pdf kazi.pdf kazi-maandishi.pdf

Kwa kurasa elfu tatu, iache ifanye kazi usiku. Kama kuisimika kwenye Windows kunakusumbua, mwombe mtu wa kompyuta akusaidie mara moja, baadaye utaitumia kwa kila kesi. Usiongeze yale machaguo ya kunyoosha kurasa au kusafisha madoa. Doa unalolisafisha laweza kuwa kivuli cha muhuri.

Halafu, na si kabla ya hapo, piga namba kwenye kila ukurasa. Utaratibu huu una maana yake: ukipiga namba kwanza, kila ukurasa utakuwa tayari na maandishi, na amri ile ya juu inaruka kurasa zenye maandishi, kwa hiyo itaruka faili zima na wewe utadhani imefanya kazi. Namba ziwe za mfululizo mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza wa PDF hadi wa mwisho, zenye kiambishi kinachoonyesha chanzo, mathalani BNK-0001 hadi BNK-3180. Mawakili wa Marekani wanaziita kwa jina la Bates, kutokana na Edwin G. Bates wa New York aliyesajili hataza ya mashine ya kugonga namba mwishoni mwa karne ya 19. Acrobat Pro inazo moja kwa moja. Ziweke chini kulia, kwa herufi ndogo, uhakikishe hazikalii sahihi wala muhuri. Faida yake utaiona siku ya kwanza mawakili wanne wakiketi pamoja. Kila mkataba una ukurasa wake wa 9, lakini BNK-0437 ni mmoja tu katika kesi nzima. Faili hili lenye namba liite kazi-namba.pdf.

Hapo ndipo kazi yako yenyewe inapoanza. Fungua Excel na utengeneze jedwali la mipaka. Safu ya kwanza namba ya waraka, ya pili ukurasa wa mwanzo, ya tatu ukurasa wa mwisho. Kisha tarehe, aina, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, umeambatana na waraka namba ngapi, maelezo, na mwisho jina la faili litakalotoka. Mstari mmoja, waraka mmoja. Huku faili likiwa limefunguliwa kwa picha ndogondogo, sita au nane kwenye skrini, pitia kurasa zote. Ndiyo, zote. Utafutaji wa maneno unakusaidia kusogea haraka: barua za serikali zinaanza na “Kumb. Na.” na kichwa chake ni “YAH:”, barua za kibenki zina “Dear Sir”, mikataba iliyochapwa na mfumo wa benki mara nyingi ina “Page 1 of”. Lakini mwandiko wa mkono hausomwi vizuri na mashine, na mihuri ndiyo kabisa, kwa hiyo jicho lako ndilo la mwisho.

Nikuonyeshe mahali ambapo mipaka inakosewa, kwa kutumia jalada la rehani kama lako.

Tuseme BNK-0412 hadi 0414 ni notisi ya benki kwa mkopaji kwamba ameshindwa kulipa. BNK-0415 ni risiti ya posta. BNK-0416 ni ukurasa wa daftari la kukabidhi barua, una mistari ishirini ya wapokeaji mbalimbali na mmoja wao ni mkopaji wenu, kasaini kwa kalamu ya bluu. BNK-0417 ni mgongo wa ukurasa huo, mtupu. Kwa macho ya haraka, mtu atakata baada ya 0414 na kuziita tatu zilizobaki “risiti na mengineyo”. Hapo umeiumiza kesi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi, na muda wa siku 60 ndio unaobishaniwa kwenye mashauri mengi ya namna hii: notisi ilitoka lini, ilimfikia nani, siku ngapi zilipita kabla ya mnada. Jibu halimo kwenye notisi. Limo kwenye 0416. Kwa hiyo unaandika mistari miwili: notisi, 0412 hadi 0414, uthibitisho wa kufikishwa, 0415 hadi 0417, na kwenye safu ya “umeambatana na” unaweka namba ya notisi. Wakili atakayesoma notisi ataona mara moja kwamba kuna kitu kinachoifuata.

Au chukua ridhaa ya mwenza. Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka mume au mke wa mkopaji naye awe ameridhia rehani, na ridhaa hiyo mara nyingi ni karatasi moja iliyobanwa nyuma ya hati ya rehani yenye kurasa thelathini. Ukiiacha imezikwa humo, anayetafuta ridhaa lazima afungue hati yote. Mimi ningeipa mstari wake, na kiungo cha kurudi kwenye hati ya rehani. Tarehe yake pia iandikwe jinsi ilivyo kwenye karatasi, hata kama inapishana na ya hati mama. Hasa kama inapishana.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kitu chenye tarehe yake, mtoa wake na sahihi yake ni waraka unaojitegemea, hata kikiwa ukurasa mmoja, na kama kilikuja kimebanwa kwenye kingine, undugu huo uandikwe. Barua na viambatisho vyake, barua pepe na mafaili yaliyokuja nayo, azimio la bodi lililofungwa na barua ya ofa ya mkopo, vyote vinaingia hapo. Kinyume chake, jedwali la marejesho lililo ndani ya mkataba, lenye namba za kurasa zinazoendelea na lisilo na sahihi yake, libaki kuwa sehemu ya mkataba. Taarifa za akaunti nazo usizikate mwezi kwa mwezi. Akaunti moja, kipindi kisichokatika, waraka mmoja. Anayefuatilia riba anahitaji kuona mtiririko, na akikuta vipande sitini atapoteza siku nzima kuvifungua. Kipindi kikikatika, tuseme Juni na Julai hazipo, hapo kata, na uandike pengo hilo kwenye maelezo. Wakili anaweza kuitaka benki ilijaze.

Kurasa tupu usizifute. Ukifuta mmoja, hesabu ya kurasa haitalingana tena na asili, na pia migongo mingi si mitupu kama inavyoonekana kwenye picha ndogo. Alama ya ushuru wa stempu inaweza kuwa nyuma, na hati ambayo haijalipiwa ushuru huo ina kikwazo cha kupokelewa mahakamani mpaka ilipiwe. Kuza kila mgongo kabla hujauita mtupu.

Nakala zinazojirudia pia usizitupe. Barua ileile ikitokea mara tatu, ipe mistari mitatu, uandike “inafanana na waraka namba fulani”. Kisha zilinganishe kwa utulivu. Nakala iliyotoka kwenye jalada la meneja inaweza kuwa na neno moja la kalamu pembeni ambalo nyingine hazina, na neno hilo likawa ndilo kesi. Ninawasihi makarani juu ya hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu programu nyingi za kuondoa nakala zinajisifu kwa kufanya jambo ambalo kwenye kazi ya sheria hulitaki.

Ukimaliza jedwali, lijaribu kabla ya kulitumia. Ukurasa wa mwanzo wa kila mstari lazima uwe ukurasa wa mwisho wa mstari wa juu yake kuongeza moja. Kama mwanzo uko kwenye B na mwisho kwenye C, andika =B3-C2 kwenye safu ya pembeni na uishushe hadi chini; kila jibu liwe 1. Ukiona 2, kuna ukurasa umeuruka. Ukiona 0, umeuhesabu mara mbili. Jumla ya kurasa za mistari yote iwe 3,180 kamili. Jaribio hili linakamata makosa ambayo jicho lililochoka haliyaoni.

Majina ya mafaili yaanze na namba za kurasa, kisha tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha maneno mawili au matatu: 0412-0414_2019-03-14_notisi. Usiweke nafasi kati ya maneno, na usirefushe. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili pamoja na folda zake, na ofisi zinazopenda folda ndani ya folda hufika huko upesi. Waraka usio na tarehe uandike bila-tarehe. Usiibuni wala usiikadirie.

Kukata sasa. Programu ninayoipenda ni qpdf, ya bure, inayotumia amri. Jedwali lako lenyewe linaweza kuziandika amri zote. Kama jina la faili liko safu ya J, weka hii kwenye safu iliyo wazi na uishushe:

="qpdf --empty --pages kazi-namba.pdf "&B2&"-"&C2&" -- "&J2&".pdf"

Nakili safu hiyo kwenye Notepad, hifadhi kama kata.bat kwenye folda ileile yenye kazi-namba.pdf, ubofye mara mbili. Mafaili yatatoka mamia kwa mara moja. Yahesabu: idadi iwe sawa na mistari ya jedwali. Fungua machache kwa kubahatisha, uhakikishe namba ya BNK ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho inalingana na jina. Kama hutaki kabisa kuandika amri, PDFsam Basic itakufanyia kwa dirisha la kawaida, ila hutakuwa na kiungo cha moja kwa moja kati ya jedwali na vipande.

Lile neno --empty usiliache. Bila hilo, ukitumia faili zima kama chanzo kikuu, qpdf inabeba taarifa za faili hilo hadi kwenye kipande, zikiwemo alamisho. Unaweza kumtumia mthamini kurasa tano za ripoti ya uthamini, na upande wa kushoto akaona orodha ya majina ya nyaraka zote za kesi. Kwa sababu hiyohiyo, usitengeneze kipande kwa kufungua faili kubwa, kufuta kurasa usizozitaka na kuhifadhi. PDF inaruhusu mabadiliko kuongezwa mwishoni mwa faili huku yaliyokuwamo awali yakibaki ndani, na kutegemeana na programu, kurasa “zilizofutwa” zinaweza kuwa bado zimo. Toa kurasa unazozitaka ziende kwenye faili jipya, basi.

Kuna kishawishi kimoja kitakuja: faili ni kubwa, barua pepe inakataa, mtu atakwambia lipunguze ukubwa. Gmail inaishia MB 25 kwa kiambatisho, hilo ni kweli, lakini nyaraka zako zina wastani wa KB 350 kwa ukurasa, hivyo nyingi zitapita zenyewe baada ya kukatwa. Zenye tarakimu usizigandamize kwa programu ambayo hujui inafanyaje. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu ndani ya nyaraka zilizoskaniwa, 6 ikawa 8, kwa sababu mbinu yao ya kugandamiza ilikuwa inachukua alama inayofanana na kuibandika mahali pa nyingine. Picha ilibaki safi, namba ndiyo ilikuwa ya uongo. Kwenye kesi ya mkopo, ambako ugomvi wote ni kiasi cha fedha, huo ni msiba. Faili likizidi, lipeleke kwa flashi yenye nenosiri au kwa hifadhi ya ofisi.

Mtakapotakiwa kuziba majina au namba za akaunti za watu wengine, kama wale wapokeaji kumi na tisa kwenye daftari la BNK-0416, usichore kisanduku cheusi juu ya maandishi. Kisanduku kinaficha kwa macho tu, maandishi yanabaki chini yake. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump huko Marekani, waliwasilisha waraka wa namna hiyo na waandishi wa habari wakayanakili maneno yaliyofichwa na kuyabandika kwingine wakayasoma. Wewe tayari umeweka tabaka la maandishi kwa OCR, kwa hiyo hatari hiyo inakuhusu moja kwa moja. Tumia kifaa rasmi cha kuziba kinachoondoa maandishi na picha iliyo chini, halafu jaribu mwenyewe kunakili sehemu hiyo kabla haijatoka ofisini. Na kazi hiyo ifanyike kwenye nakala ya kutoa tu, kwa maelekezo ya wakili.

Wakati unapitia kurasa unaweza kukutana na kitu ambacho benki haikukusudia kuwapa: barua kati ya benki na wakili wake, maoni ya kisheria, au nyaraka za mteja mwingine kabisa zilizochanganyika kwenye skana. Simama hapo. Usiisome hadi mwisho, usiikate, usimtumie mwenzako. Andika namba za kurasa, mwarifu wakili anayesimamia kesi, na uache mstari huo kwenye jedwali ukiwa na maneno “imesimamishwa” mpaka upate maelekezo. Mawasiliano ya wakili na mteja wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, na namna ofisi yenu inavyolishughulikia jambo hilo katika saa ya kwanza ndiyo itakayoangaliwa baadaye.

Kuwagawia mawakili wanne, usigawe kwa idadi ya kurasa. Mpe mmoja taarifa zote za akaunti na majedwali ya marejesho, mwingine mikataba, hati ya rehani na ridhaa, wa tatu barua na notisi kwa mfuatano wa tarehe, wa nne uthamini na mnada. Kila mmoja apewe vipande vyake pamoja na jedwali zima, si sehemu yake tu, ili akiona barua inataja ripoti ajue ripoti iko kwa nani.

Watakaposoma watagundua mipaka uliyokosea, na hiyo ni kawaida kwa faili la ukubwa huu. Watakwambia ukurasa wa 1203 si wa mkataba huu, ni wa ule. Usiburute kurasa kwa mkono ndani ya kipande wala usiruhusu kila wakili arekebishe kwake. Badili mstari kwenye jedwali, rudia lile jaribio la kila jibu kuwa 1, rudia amri za vipande vilivyoguswa tu, vile vya zamani vihamie folda ya VILIVYOBADILISHWA vikiwa na tarehe, na uwaarifu wote wanne kwa ujumbe mmoja. Ukurasa usiojulikana ni wa waraka gani, mathalani karatasi moja yenye sahihi mbili bila kichwa, upe mstari wake wenyewe na uandike ulivyouona: “ukurasa wa sahihi, waraka haujatambulika”. Ukishapata orodha ya kurasa za namna hiyo, mpe wakili aiandikie benki, ataje namba za BNK, aombe waeleze kila mmoja umetoka wapi.